Madaftari ya Baba na Tovuti Yangu Ndogo

Watu wengi wakisikia neno tovuti hufikiri mara moja habari za makampuni, za serikali, za magazeti makubwa na za watu wenye mali. Mwalimu aliyestaafu kama mimi atafanya nini na tovuti? Lakini mimi ninayo moja. Ni ndogo sana: ina kurasa 212 na picha 40, wala haina matangazo ya biashara. Niliijenga mwenyewe hapa Lubumbashi, mezani pangu, kwa kompyuta niliyoinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka, na sehemu kubwa ya kazi niliifanya bila intaneti kabisa. Leo nataka kuwaeleza jinsi ilivyojengwa, na kwa nini nilichagua njia hiyo wala si nyingine, maana naamini kwamba wengi wenu mna kitu nyumbani kinachostahili kuwekwa namna hiyo.

Kitu changu ni madaftari ya baba. Baba alikuwa mvuvi Uvira, katika ziwa Tanganyika. Alisoma miaka minne tu, lakini alipenda kuandika kuliko watu wengi waliosoma zaidi yake. Kila asubuhi akirudi ziwani, kabla ya kulala, aliandika mistari miwili mitatu: upepo ulitoka wapi, ndagala walijaza vikapu vingapi, mukeke walikuwa wangapi, nani alikuwa naye mtumbwini, nani alichukua samaki kwa deni. Mnajua kwamba wavuvi wa ndagala hufanya kazi usiku wa giza, wakiwasha taa juu ya maji ili samaki wakusanyike. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, nao hupumzika. Basi siku za mbalamwezi baba alikuwa na nafasi, na ndipo alipoandika marefu: harusi, ugomvi, mazishi, bei ya chumvi, habari za jamaa wa ng'ambo, Bujumbura na Kigoma. Alianza mwaka 1961 akaendelea mpaka 2003, na mwaka uliofuata akatuacha.

Madaftari yalikuwa 38. Sasa yako 23. Mwezi wa nne wa mwaka 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukafurika na kupita katikati ya mitaa ya Uvira. Watu wengi walikufa, na nyumba kwa maelfu zikabomoka. Nyumba ya dada yangu ilisimama, lakini maji yaliingia mpaka kiunoni. Sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda lilijaa tope. Madaftari yaliyokuwa juu darini ndiyo yaliyopona. Dada aliponipigia simu hakulalamika habari ya godoro wala vyombo. Alisema, "Yaya, maandiko ya baba yamekuwa uji."

Tangu siku ile shauri letu lilikuwa moja: yale 23 yaliyobaki yanakiliwe upesi, tena yawekwe mahali ambapo watoto wetu wote wanaweza kuyasoma. Watoto wenyewe wametawanyika. Wako Uvira, Bujumbura, Kigoma, na wawili wako Bruxelles. Kupiga picha za kurasa kwa simu na kuzituma katika kikundi cha jamaa, tulijaribu. Picha zilipita kama maji ya mto: leo zinaonekana, kesho zimefunikwa na salamu mia mbili na picha za keki. Mmoja wa wale wa Bruxelles akatufungulia kurasa bure kwa kampuni fulani. Tukaandika miezi minane. Kisha ikaja barua fupi ya kampuni: kazi hii tunaifunga, mna siku thelathini za kuchukua vitu vyenu. Tulivichukua, lakini vilitoka vikiwa vimechanganyika na alama ambazo programu nyingine haikuzielewa. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, mahali ambapo watu kwa mamilioni walikuwa wameweka kurasa zao tangu miaka ya 1990, na sehemu iliyookolewa iliokolewa na watu wa kujitolea waliokimbilia kunakili kabla mlango haujafungwa.

Ndipo mpwa wangu, anayesoma habari za kompyuta hapa Lubumbashi, aliponiambia, "Mjomba, usitafute nyumba ya kupanga. Tengeneza kurasa zako mwenyewe, kisha nyumba yoyote itazipokea."

Sikumwelewa. Naye akanieleza kwa mfano wa chakula, nami nitautumia mfano wake kwa sababu sijapata ulio mzuri zaidi. Kuna mama mwenye hoteli anayepika kila mteja anapofika. Ukiagiza bugali na samaki, anawasha moto, anapima unga, anakaanga samaki, anakupa. Akija mwingine akiagiza kile kile, anaanza upya. Na kuna mwoka mikate. Yeye huoka alfajiri mara moja, akapanga mikate mezani. Mteja akifika anachukua na kwenda zake. Tovuti nyingi za siku hizi ni kama yule mama. Kila mtu anapogonga, programu iliyo katika seva inaamka, inakwenda ghalani kutafuta maneno, inayapanga, inayavika mapambo, halafu inampa msomaji. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, hufanya kazi hivyo, na sehemu kubwa sana ya tovuti za dunia inaitumia. Ni programu nzuri. Lakini jiko hilo lataka kulindwa mchana na usiku: lina ghala, lina funguo, lina mabomba, na kila sehemu lazima ifanywe upya mara kwa mara, la sivyo wezi wataingia.

Namna ya pili ni ya mwoka mikate. Kurasa zote zinatengenezwa kwanza katika kompyuta ya mwandishi, kila ukurasa faili lake, tayari kabisa. Seva haifanyi lingine ila kutoa faili lililoombwa. Wataalamu wanaita hizo kurasa tuli, maana hazibadiliki zenyewe. Wala si uvumbuzi wa jana. Tovuti ya kwanza kabisa ya dunia, ile aliyoiweka Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1991, ilikuwa ya namna hii: maneno matupu, na viungo vya kwenda ukurasa mwingine. Mwaka 2013 CERN waliirudisha mahali pake, na hata leo unaweza kuifungua kwa simu ya bei ndogo ukaisoma bila shida.

Labda mmoja atauliza: kama ni hivyo, kwa nini watu waliacha njia hiyo nyepesi? Kwa sababu kuandika kurasa moja moja kwa mkono kunachosha. Fikiri una kurasa 212, na juu ya kila moja kuna jina la tovuti na orodha ya sehemu zake. Ukitaka kubadili neno moja katika orodha, lazima ufungue faili 212. Hapo ndipo inapoingia programu ninayotaka kuisifu, ile inayojenga kurasa tuli. Mwaka 2008 Tom Preston-Werner wa Marekani alitoa programu moja ya namna hiyo iitwayo Jekyll. Mwaka 2013 Steve Francia akaanza nyingine, Hugo. Mimi natumia Hugo, kwa sababu mbili tu: ni faili moja ambalo mpwa wangu aliniletea katika fleshi, tena haitaki intaneti ili ifanye kazi.

Kazi yenyewe ni kama ya kufyatua matofali. Una udongo, una kalibu. Udongo ni maneno yako. Unayaandika katika faili la maandishi matupu, yasiyo na rangi wala mapambo, kwa alama chache zilizobuniwa mwaka 2004 na John Gruber, akazipa jina la Markdown. Ukitaka kichwa cha habari, unaanza mstari kwa alama ya reli. Ukitaka neno lilale mteremko, unalizungushia nyota. Mahali baba alipopiga mstari chini ya neno kwa hasira, nami naweka nyota. Juu kabisa ya kila faili, kati ya mistari miwili ya vistari, unaandika jina la ukurasa, tarehe yake, na maneno machache ya kuonyesha unahusu nini. Kalibu nayo unaitengeneza mara moja: jina la tovuti liwe wapi, herufi ziwe kubwa kiasi gani, tarehe ikae upande gani. Kisha unatoa amri ya neno moja. Programu inachukua kila donge la udongo, inalipitisha katika kalibu, na matofali yote yanatoka pamoja katika folda moja. Kurasa zangu 212 hazimalizi hata sekunde moja. Ukitaka kubadili orodha, unabadili kalibu tu, unafyatua tena.

Nasema wazi kwamba mwanzo ulikuwa mgumu. Vitabu vya maelezo viko kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kuombea maji ya kunywa. Amri zinaandikwa katika dirisha jeusi lisilo na picha yoyote ya kukuongoza. Umeme ulikatika mara nyingi, tukangoja. Kwa simu peke yake kazi hii haifai, lazima kompyuta. Na kuna jambo jingine ambalo naliona kwa vijana wengi: wanapata programu hii, wanakaa miezi sita wakichagua kalibu, leo ya bluu, kesho ya kijani, na udongo hawajauchimba. Tovuti nzuri sana, ukurasa mmoja ndani yake, nao unasema: karibuni, habari zinakuja. Mpwa wangu alinipa kalibu yenye herufi nyeusi juu ya weupe, akaniambia nisiiguse mpaka nimalize madaftari matano. Ni shauri bora kuliko yote niliyopewa.

Basi nikaandika. Asubuhi kurasa mbili, jioni mbili. Maneno ya baba sikuyasahihisha. Alipoandika Kiswahili cha Uvira nimeacha Kiswahili cha Uvira. Alipochanganya Kifuliiru nimeacha hivyo hivyo, na dada amenisaidia kuandika maana chini. Katika maneno yale ya juu ya faili nilikuwa naweka: ndagala, deni, upepo, msiba, harusi. Nilifanya hivyo kwa utaratibu tu, kama mwalimu anavyopanga vitabu kabatini. Siku nilipofyatua madaftari kumi ya kwanza, niliona kwamba programu, pamoja na kurasa za siku, imetengeneza yenyewe ukurasa wa kila neno. Nikafungua ukurasa wa upepo. Kumbe! Siku zote ambazo baba alitaja upepo zilikuwa zimejipanga mbele yangu, mwaka kwa mwaka. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, kila mwaka, upepo wa kusini, upepo wa kusini, upepo wa kusini. Wataalamu wa ziwa wanasema kwamba upepo huo wa kiangazi huyasukuma maji ya juu, yale ya chini yakapanda na chakula cha samaki. Baba hakusoma maneno hayo, lakini ameandika mwaka 1974: upepo umetutesa majuma matatu, sasa tungojee vikapu. Nilikuwa nimeishi na madaftari yale tangu utoto, wala sikuwahi kuona jambo hilo, kwa sababu daftari husomwa ukurasa baada ya ukurasa.

Tovuti inakaa wapi? Kwa kampuni moja ya Marekani inayopokea kurasa tuli bila malipo. Iko hiyo, ziko nyingine; GitHub ilianza kupokea kurasa za namna hii mwaka 2008, nayo siku hizi ina mpaka wa gigabaiti 1 kwa tovuti. Yangu yote, pamoja na picha, ni megabaiti 5. Mtu atasema: si ulisema hutaki nyumba ya watu? Ndiyo, lakini angalia tofauti. Kampuni hii ikifunga mlango kesho, siendi kuiomba vitu vyangu. Vitu vyangu viko mezani kwangu, maandishi matupu yanayosomeka kwa kompyuta yoyote, hata ile itakayotengenezwa baada ya mimi kufa. Nitaipeleka ile folda mahali pengine, na jioni ile ile watoto wa Kigoma watasoma kama kawaida. Kitu ninacholipia ni jina la tovuti tu, kila mwaka. Na majina nayo si ya milele: wazee wa kompyuta watakumbuka kwamba nchi yetu ilipoitwa Zaire majina yake ya intaneti yaliishia kwa .zr, na baada ya 1997 ikaja .cd, ile ya zamani ikafutwa mwaka 2001. Waliokuwa wamechapa anwani zao juu ya kadi, kadi zilikufa. Kwa hiyo watoto nimewapa na folda yenyewe.

Hili la folda nalitilia nguvu, maana ndilo linalotufaa sisi kuliko watu wa Ulaya. Kurasa nyingi za intaneti siku hizi hupita megabaiti 2 kila moja, kwa sababu ya picha kubwa, matangazo, na programu za kumpeleleza msomaji. Ukurasa wangu mmoja usio na picha ni kilobaiti 9. Dada yangu, anayenunua mega chache za juma zima, anaweza kusoma daftari lote pasipo kuogopa. Tena tunakumbuka sote kwamba tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwetu, ikakaa hivyo karibu majuma matatu. Tovuti za namna ya mama wa hoteli haziwezi kusomwa siku kama hizo, maana jiko liko mbali. Mikate iliyokwisha kuokwa inaweza kubebwa mfukoni. Nimeandika mistari miwili katika faili la masharti, ili njia za kurasa zihesabiwe kuanzia pale zilipo na kila ukurasa uwe faili lenye jina lake, na sasa tovuti nzima inafunguka kutoka katika fleshi, bila mtandao wowote. Dada anayo moja. Ameifunga katika mfuko wa plastiki, na safari hii haiko chini ya kitanda.

Sasa nifike penye ugumu wa kweli, ambao hakuna programu inayouondoa. Madaftari ya baba yana watu ndani yake. Mwezi wa kumi 1996 vita ilipoingia Uvira, baba aliandika kurasa kumi na moja. Aliandika nani alimficha nani, nani alichukua mabati ya nani, na jirani gani alionyesha mlango kwa kidole. Niliponakili kurasa hizo mkono wangu ulikuwa mzito. Nikampigia dada simu, nikamsomea. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Yaya, watoto wa watu hao wananiamkia kila asubuhi. Wewe uko Lubumbashi."

Programu ina njia yake kwa mambo kama haya: juu ya faili unaandika mstari mmoja unaosema kwamba hii ni rasimu, nayo inaliruka faili hilo inapofyatua. Wengi wanaridhika hapo. Lakini sikilizeni vizuri, maana jambo hili ni la hatari. Watu wengi hawapeleki matofali tu. Wanapeleka na udongo wao, folda nzima ya kazi, kwa njia ya Git, programu aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 ili kutunza kila badiliko la faili. Kama folda hiyo imewekwa wazi kwa watu wote, na kwa huduma za bure mara nyingi ndivyo ilivyo, basi rasimu haionekani katika tovuti, lakini katika folda inasomwa na kila anayejua kuitafuta. Hata ukiifuta, Git inakumbuka jinsi faili lilivyokuwa jana. Mpwa wangu alinieleza hayo kabla sijapeleka chochote, nami namshukuru. Kwa hiyo mimi napeleka matofali peke yake. Kurasa kumi na moja za 1996 hazimo hata katika kompyuta ninayotumia kwa kazi hii. Ziko katika fleshi mbili, moja kwangu, moja kwa dada, na yeye ndiye atakayesema siku yake, kwa kuwa yeye ndiye anayeishi pale.

Katika tovuti, mahali pake, tumeweka ukurasa wenye tarehe na mstari mmoja: kurasa hizi zipo, jamaa wanazihifadhi. Niliona si haki kufanya kana kwamba baba alinyamaza mwezi ule.

Madeni nayo yalitusumbua, ingawa kwa namna nyepesi zaidi. Kila daftari lina orodha nyuma: fulani, kikapu kimoja, fulani, mukeke sita, atalipa mwisho wa mwezi. Wengi wao wamekufa, lakini nani anapenda kukuta jina la baba yake katika deni la mwaka 1968? Tukaamua kuandika herufi ya kwanza tu na nukta. Nilidhani tumemaliza.

Tovuti yangu haina mahali pa wasomaji kuandika maoni. Kurasa tuli haziwezi kupokea kitu zenyewe, lazima uongeze huduma ya mtu mwingine, nami sikutaka. Chini ya kila ukurasa pana anwani ya barua tu. Siku moja ikaja barua kutoka Kalemie. Mtu aliyeandika simjui. Alikuwa amepewa folda yetu na mvuvi mmoja, akakuta habari za mtumbwi uliozama mwaka 1971, na jina la kijiji cha babu yake. Kisha akafungua orodha ya madeni, akaona herufi moja na nukta, na mahali, na mwaka. Akajua ni yeye. Aliandika hivi, kwa kifupi: Babu alizama mwaka ule, kaburi hana, picha hakuacha, na katika jamaa yetu hakuna karatasi hata moja yenye jina lake. Tafadhali, andikeni jina lote.

Nilimsomea dada, akakubali mara moja. Nikafungua daftari lenyewe ili nihakikishe herufi za baba, nikafungua faili, nikatoa nukta, nikaandika jina lote, mawili, kama baba alivyoyaandika. Amri ya neno moja, kurasa zikatoka, nikazipeleka. Kazi yote haikufika dakika kumi, na saba kati yake zilikuwa za kungoja mtandao. Deni lenyewe ni vikapu viwili vya ndagala. Yule mtu wa Kalemie alituuliza baadaye kama anaweza kulilipa, na dada akamjibu kwamba akipita Uvira aje ale. Sasa dada ananiuliza kama tuandike katika orodha kwamba limelipwa. Nimemwambia tungoje kwanza mgeni afike.